Neno "ili" darasani: moyo una mpango, mbu hana?

Chaki_na_Ubao (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke. Wiki iliyopita nilikuwa nikisahihisha jaribio la kidato cha nne, na swali mojawapo liliuliza kwa nini dawa ya kwenye vyandarua haiwaui mbu wa malaria kama ilivyokuwa ikiwaua zamani. Binti mmoja, ambaye hukaa dawati la nyuma karibu na dirisha na huandika herufi ndogo kama sisimizi, alijibu kwamba mbu wamejibadilisha ili wasife. Nilimkosesha kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Mbu hana mpango." Niliporudisha karatasi alinyoosha mkono na kuuliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, mwezi uliopita ulituandikia ubaoni kwamba moyo upo ili usukume damu. Kwani moyo una mpango?"

Darasa lilicheka, nami nikajifanya natafuta chaki ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Tangu siku hiyo swali hilo hunifuata hata ndani ya daladala. Ninaposema kwamba nimeamka saa kumi alfajiri ili nikwepe foleni ya Barabara ya Mandela, lengo limo kichwani mwangu kabla ya tendo. Moyo hauna kichwa, na mbu hawaitishi kikao. Ikiwa "ili" ni haramu kwa mbu, basi ni haramu pia kwa moyo, kwa jicho, kwa bawa na kwa mzizi wa mpapai, na nusu ya ninayoyafundisha inafutika. Ikiwa ni halali kwa moyo, sioni ni kwa haki gani nilimnyima binti yule alama zake mbili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alilihesabu lengo kuwa miongoni mwa sababu za vitu. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba haifai binadamu kutumaini kuwa atatokea mwanasayansi kama Newton wa kueleza hata jani moja la nyasi kwa kanuni zisizo na kusudi ndani yake. Miaka 69 baadaye Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya spishi, yaani aina za viumbe, na wengi husema kusudi lilifukuzwa siku hiyo. Mbona basi mimi bado nalitumia kila kipindi?

Naomba kuwasilisha.

Kaunta_ya_Dawa

Mwalimu, swali la binti ni zuri kuliko jibu lake la mtihani, lakini naomba nianze na hilo jibu.

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa kwa miaka mingi. Wenye umri wangu wanaikumbuka klorokwini: uchungu wake ulikaa ulimini hata baada ya kunywa chai, na wengine walikuwa wakiimeza mwili unawasha mpaka wanajikuna kwenye pembe ya ukuta. Mwaka 2001 nchi yetu iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikuwa sugu. Malawi walikuwa wameiacha mapema zaidi, mwaka 1993, na jambo la kustaajabisha likatokea huko: ilipojaribiwa tena mjini Blantyre, miaka kama 12 baadaye, klorokwini iliponya karibu wagonjwa wote.

Sasa tafakarini. Kama vimelea vilijibadilisha ili visidhurike, kwa nini vitupe silaha ambayo vilihangaika kuipata? Maelezo yaliyo sawa ni kwamba usugu ule una gharama. Dawa ikiwapo, kimelea sugu hubaki na wenzake hufa. Dawa ikiondoka, gharama inabaki na faida haipo, hivyo wale wachache wasio sugu wanazaliana kuliko wenye usugu hadi wanawafunika. Hakuna kimelea hata kimoja kilichoamua chochote, maana kila kimoja kilikufa kama kilivyozaliwa. Kilichobadilika ni hesabu: wangapi wa namna hii, wangapi wa namna ile.

Mpita_Njia

Ninaweka kambi hapa hadi mwalimu apate jibu la kumpelekea binti.

Mtoro_wa_Falsafa

Niliacha masomo ya falsafa mwaka wa pili, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari. Hata hivyo suala la mleta mada lilijadiliwa sana karne iliyopita, na jibu ambalo limenikaa ni la mwanafalsafa wa Marekani, Larry Wright, la mwaka 1973. Kwa maneno yangu: tunaposema kitu kipo ili kifanye jambo fulani, tunasema kwamba kukifanya jambo hilo ndiko kulikosababisha kiwepo. Moyo wangu upo kwa sababu mioyo ya mababu na mabibi zangu, tangu wakiwa bado samaki, ilisukuma damu, na waliokuwa na mioyo isiyosukuma vizuri hawakuacha watoto. "Ili" ya moyo, basi, inatazama nyuma. Ni historia ndefu sana iliyofupishwa katika silabi mbili. Wewe unapoamka saa kumi, "ili" yako inatazama mbele, kwa sababu una akili inayoweza kuiona foleni kabla hujafika Tazara.

Hapa pana hatua mbili ambazo hatupaswi kuzichanganya: kuzuka na kubaki. Sifa huzuka bila kuulizia haja. Salvador Luria na Max Delbrück walilionyesha jambo hili kwa bakteria mwaka 1943. Walikuza bakteria katika mirija mingi iliyotengana, kisha kila kundi likakutanishwa na virusi vinavyoua bakteria. Kama usugu ungekuwa jibu la kukutana na virusi, kila mrija ungetoa manusura wa idadi inayokaribiana. Haikuwa hivyo, mirija mingi ilikuwa na wachache au haikuwa na hata mmoja, na michache ilikuwa na manusura tele, kwa sababu katika michache hiyo badiliko la jeni lilikuwa limezuka mapema, vizazi kadhaa kabla ya hatari, likazaa wajukuu. Katika kuzuka hakuna "ili". Katika kubaki ipo, lakini huja kama msiba unavyohesabiwa arobaini: baada ya tukio.

Daktari_Mtarajiwa

Ndugu Mtoro, nina pingamizi. Daktari William Harvey alieleza mzunguko wa damu na kazi ya moyo mwaka 1628, yaani miaka 231 kabla ya kitabu cha Darwin. Hakujua lolote kuhusu mababu waliokuwa samaki. Kama maana ya "moyo upo ili usukume damu" ni historia ya mageuko, Harvey alisema asichokijua maana yake, na sisi tunaosomea udaktari tunafanya hivyo kila asubuhi tunapoweka kipimo kifuani mwa mgonjwa. Nadhani kuna maana nyingine isiyohitaji historia: kazi ya kiungo ni mchango wake katika uwezo wa mwili mzima. Mwanafalsafa Robert Cummins alitetea maoni ya namna hiyo mwaka 1975. Daktari anauliza kiungo kinafanya nini sasa, na hilo linatosha kumtibu mtu.

Mtoro_wa_Falsafa

Pingamizi limepokelewa, na sina jibu la kulizima. Naona Kiswahili chenyewe kinatupa maneno mawili kwa mambo mawili: "kazi ya moyo ni kusukuma damu" inamtosha Harvey na inakutosha wewe, lakini "moyo upo ili usukume damu" inadai zaidi, kwa sababu ya hilo neno "upo". Inaeleza kuwapo kwake. Tatizo ni kwamba kazi peke yake haitofautishi la maana na la bahati. Moyo pia hutoa mlio, na mlio huo unamsaidia sana daktari, lakini hakuna atakayesema moyo upo ili ulie. Kwa nini asiseme? Nikijaribu kujibu bila historia, nakwama.

Mbishi_wa_Magomeni

Mnajenga ghorofa juu ya mchanga. Mnasema wanaobaki ni wale wanaofaa. Wanaofaa ni akina nani? Ni wanaobaki. Huo ni mzunguko, kama kusema tajiri ni mtu mwenye mali na mwenye mali ni tajiri. Karl Popper mwenyewe, mwanafalsafa wa sayansi, aliandika mwaka 1974 kwamba nadharia hii ya Darwin si ya kisayansi inayoweza kupimwa, bali ni programu ya utafiti ya kimetafizikia.

Na neno "uteuzi asilia", jina ambalo Darwin aliupa utaratibu huo wa wanaofaa kubaki, nalo limekaa vibaya. Hapa mjini ukisema uteuzi, mtu anawaza mkuu wa wilaya mpya na nani kamteua. Malalamiko haya hayakuanza leo. Alfred Russel Wallace, mwanasayansi aliyefikia wazo hilo hilo kivyake, alimwandikia Darwin mwaka 1866 akimshauri aliache, kwa kuwa watu walidhani maumbile yana akili ya kuteua, na badala yake atumie msemo wa mwanafalsafa Herbert Spencer wa kubaki kwa wanaofaa zaidi. Darwin akauingiza katika toleo la tano la kitabu chake, mwaka 1869. Kwa hiyo walimkimbia mteuzi asiyekuwapo wakaangukia kwenye mzunguko.

Mzee_wa_Bao

Mwanangu Mbishi, Popper uliyemtaja alikiri hadharani mwaka 1978 kwamba amebadili maoni yake juu ya jambo hilo. Lakini tumwache, tuende barazani.

Mimi hucheza bao chini ya mwarobaini karibu kila jioni. Yupo bwana mmoja ambaye sote tunamkubali kuwa fundi, na wiki jana alifungwa mara mbili na kijana aliyekuja tu kumsubiri baba yake. Kama maana ya fundi ingekuwa "aliyeshinda", tungelazimika kusema kuwa jioni ile ufundi ulimhama ukamwingia kijana. Hakuna aliyesema hivyo. Tulisema kateleza. Ufundi ni uwezo, na uwezo una sababu zinazoonekana hata kabla kete hazijasambazwa: anahesabu mashimo ya mbali, anajua lini aitunze nyumba yake na lini aicheze. Ushindi ni dalili ya uwezo huo, na dalili huweza kukosekana. Wanafalsafa Susan Mills na John Beatty walilieleza kufaa kwa viumbe kwa njia hiyo mwaka 1979: ni mwelekeo wa kuacha watoto wengi, na si idadi ya watoto walioachwa. Kwa hiyo anayefaa anaweza kufa kwa kuangukiwa na nazi, na mzunguko wako unakatika.

Tena sababu za kufaa zinaweza kuchunguzwa peke yake. Chukua selimundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa kwa jeni. Katika mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, asidi amino ya sita imebadilika, glutamiki ikawa valini. Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake hapa Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea penye malaria. Ipo ili kutukinga.

Mama_wa_Mbagala

Shikamoo Mzee. Huwa nasoma tu humu bila kuandika, ila leo nimeshindwa kupita.

Mwanangu ana miaka tisa na ana selimundu. Wakati wa baridi ya Julai namvalisha soksi za mikono akiwa amelala, kwa sababu vidole vikipoa maumivu huanza humo, kisha hupanda mpaka kwenye mifupa ya mapaja, naye hujikunja bila kulia kwa kuwa kulia kunamchosha. Ndoo ya maji ya kunywa naiweka karibu na kitanda chake na namhesabia vikombe. Siku moja, katika kituo kimoja cha afya, mhudumu aliniambia nisihuzunike, kwamba jeni hii ipo ili kuwakinga watu na malaria. Nilimuuliza: kumkinga nani? Mwanangu malaria ikimpata ni hatari kwake kuliko kwa mtoto wa jirani, na tunalala ndani ya chandarua kila siku iendayo kwa Mungu. Mzee, naomba unieleze kwa utaratibu, maana nilivyosoma, umesema mtoto wangu anaumwa ili wengine wapone.

Mzee_wa_Bao

Marahaba mwanangu. Nimekosea, na nimekosea pale pale ambapo uzi huu ulitakiwa kunitahadharisha. Pole kwa mzigo huo.

Nilichopaswa kuandika ni hiki. Jeni hiyo ilizuka kama hitilafu, bila kumkusudia mtu yeyote. Ilibaki kwa sababu wengi walioibeba nusu, kama wewe na baba yake, waliokoka malaria utotoni wakakua na kupata watoto. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kurithi jeni hiyo pande zote mbili, na nafasi hiyo ni bahati tupu ya namna mbegu zinavyogawanyika. Ugonjwa wa mwanao haujawahi kumsaidia mtu kubaki. Kwa hiyo hata kwa "ili" ile ya kutazama nyuma ambayo Mtoro ameieleza, hakuna njia ya kusema mtoto anaumwa ili jambo lolote litokee. Kinga ya mbebaji ina historia iliyoileta. Maumivu ya mtoto wako yameburutwa na historia hiyo hiyo bila kuwa na kazi ndani yake. Mhudumu yule alichanganya hayo mawili, na mimi pia.

Mama_wa_Mbagala

Asante, Mzee. Hilo nimelielewa, na afadhali hivyo.

Fundi_wa_Kariakoo

Nami nina mchango, na unatoka chini ya ngazi. Natengeneza simu katika uwazi wa pembetatu ulio chini ya ngazi za jengo la ghorofa tano. Meza inaingia, kiti kinaingia, mteja anasimama nje, na nikiinuka kwa haraka nagonga kichwa. Mteja mmoja alimsifu mwenye jengo kwa kuwa na busara ya kuacha nafasi ya fundi. Hakuacha nafasi ya mtu. Ngazi ikipanda kwa mshazari, chini yake lazima pabaki uwazi, upende usipende. Stephen Jay Gould na Richard Lewontin walitoa hoja ya aina hii mwaka 1979 kwa mfano wa nafasi za pembetatu zinazobaki kati ya matao ya kanisa moja la Venice, wakiwalaumu wanabaiolojia wanaotafutia kila sifa ya kiumbe "ili" yake. Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini yenye chuma ndani yake, wala haikuhitajika iwe nyekundu. Wanaume wana chuchu kwa sababu mwili wa kiume na wa kike huanza kujengwa kwa ramani moja tumboni. Hizo ni nafasi za chini ya ngazi.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwenye jengo alipoona nalipa kodi kila mwezi, katika jengo lake la pili alizipandisha ngazi kidogo, akaweka soketi ya umeme na mlango wa kukunja. Uwazi wa jengo la kwanza hauna "ili". Wa jengo la pili unayo, na chanzo chake ni ule wa kwanza. Nahisi viumbe wengi wana sifa zilizopita njia hii.

Samaki_Mbichi_Feri

Wakuu, na hao samaki furu wa Ziwa Victoria, mamia ya spishi ndani ya miaka kama 15,000, tunajuaje kwamba ni spishi tofauti kweli ilhali baadhi yao huzaliana maji yakichafuka wasionane rangi?

Chaki_na_Ubao (mleta mada)

Ndugu, hilo ni swali kubwa na linastahili uzi wake. Ufungue, nitakuja. Hapa tubaki na "ili".

Ustadhi_Ilala

Nimewasoma kwa utulivu. Sisi tunaoamini kwamba Muumba hafanyi jambo bila hekima, je, mnatuambia tulifute neno hilo katika dua zetu?

Mtoro_wa_Falsafa

Hapana, Ustadhi. Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyekuwa Mkristo na rafiki wa Darwin, alishikilia kwamba uteuzi asilia na kusudi la Mungu vinaweza kukaa pamoja. Darwin hakushawishika, na waliandikiana barua bila kugombana. Swali lako linahusu kwa nini kuna ulimwengu wenye kanuni hizi. Swali la mwalimu linahusu mbu wa Temeke. Mwanafunzi anaweza kusali asubuhi na bado akakosea namba mbili mchana.

Ngeli_na_Minyambuliko

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nashangaa kwamba wote mmeikamata "ili" mkamwachia mwizi mwenyewe apite. Hebu lirudieni jibu la binti: mbu *wamejibadilisha* ili wasife. Tazameni hiyo "-ji-". Mtu hujikuna, hujificha, hujifunga mkanda. Mtenda ndiye mtendwa. Sentensi inadai kwamba mbu alijishika mwenyewe akajigeuza. Lakini mbu aliyetua kwenye chandarua Jumatatu ana mwili ule ule Jumanne, kama bado yu hai. Angeandika *wamebadilika*, kauli ya kutendeka isiyomtaja mtenda, tungebaki na jamii ya mbu iliyobadilika kwa namna aliyoieleza Kaunta_ya_Dawa, kwa hesabu.

Tena neno "mbu" lina umbo moja katika umoja na wingi. Mwanafunzi akiwaza mbu mmoja huku akiandika habari za mbu wote, sentensi haimshtaki. Na sasa rudini kwa Wright: vimeng'enya ambavyo mbu sugu wanavyo kwa wingi vimebaki kwa wingi kwa sababu vinavunja dawa ya chandarua. Kwa kipimo hicho, vipo ili vivunje dawa, sawasawa na moyo ulivyopo ili usukume damu. Kwa hiyo "ili wasife" ya binti inaweza kutetewa. "Wamejibadilisha" haitetewi.

Chaki_na_Ubao (mleta mada)

Wakuu, nawapa mrejesho.

Jumatatu nilimrudishia alama moja kati ya mbili, na nikaiandika sentensi yake ubaoni, nikaifuta "-ji-" kwa kidole mbele ya darasa zima. Aliuliza kama alama ya pili ataipata akiandika upya. Nikamwambia aandike upya bila kutumia neno "mbu" katika umoja, na bado anahangaika nayo, jambo ambalo kwangu ni dalili njema.

Baada ya hapo nilijiwekea sharti la kufundisha kipindi kizima cha marudio ya mfumo wa damu bila kutamka "ili", na yeye nikamkabidhi kazi ya kuhesabu makosa yangu kwa kuchora vijiti kwenye daftari. Nilijitahidi. Nilisema "husukuma", nikasema "hupitisha", nikasema "kazi yake ni". Dakika ya 14 nilifika kwenye vali, ulimi ukateleza: "Vali hizi zipo ili damu isirudi nyuma." Madawati yalipigwa kwa shangwe. Nikamgeukia, kalamu ikiwa mkononi mwake lakini haijagusa daftari, nikamuuliza mbona hachori.

"Hiyo ni ya kubaki, mwalimu," akasema. "Siihesabu."